Bango Lilimsema Nani?

Kinyozi alifungua duka lake asubuhi. Alifagia, akafuta kioo, akapanga mashine na vitana. Kisha akakohoa. Ulikuwa mwezi wa pili sasa akikohoa.

Nyuma ya duka palikuwa na vyumba viwili. Humo aliishi na mkewe, binti yao, na mtoto mchanga wa binti huyo. Kila jioni kinyozi alimpakata mjukuu wake mpaka alale.

"Babu, nenda kituo cha afya," mkewe alimwambia.

"Ni vumbi la nywele tu, bibi."

"Namwomba Mungu akuponye. Lakini miguu ya kwendea alishakupa."

Ukutani palikuwa na bango la kifua kikuu. Lilionyesha mtu aliyekonda, mbavu nje, hoi kitandani. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyelibandika.

Siku hiyo mhudumu wa afya aliingia. Yeye ndiye aliyegawa mabango hayo mtaani. Seremala alikuwa kwenye kiti, ananyolewa. Muuza mkaa alingoja zamu yake.

"Leo sikuja kufundisha," mhudumu alisema. "Nimekuja kuuliza. Bango hili linamsema nani?"

"Mlevi," alisema seremala.

"Mtu asiye na ndugu wa kumpikia," alisema muuza mkaa.

"Na wewe, fundi?"

Kinyozi alijipigapiga kitambi. "Mtu aliyekwisha. Si mimi na tumbo hili." Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, hata akazima mashine na kushika ukuta.

Wengine hawakucheka.

"Unakohoa tangu lini?" mhudumu aliuliza.

"Tangu mwezi uliopita," mkewe alijibu kutoka mlangoni, mjukuu mgongoni.

Mhudumu aligusa lile bango. "Kosa ni letu," alisema. "Tulichora mtu aliyechelewa, nanyi mkadhani ugonjwa unaanzia hapo. Kifua kikuu humpata hata mnene. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, kapime. Kinatibika. Lakini ukikaa nacho, unawaambukiza watu wa nyumbani, na watoto wadogo ndio huumia zaidi."

"Nikionekana kule kituoni, nani atakaa tena kwenye kiti hiki?" kinyozi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nitakaa mimi, ukitibiwa," alisema seremala. "Lakini ukiendelea kunikoholea utosini, nahamia kwa mwingine. Sasa nimalizie huu upande, twende wote."

Kinyozi alimtazama mjukuu wake. Akamaliza upande ule, akavua aproni.

Vipimo vilionyesha kifua kikuu. Watu wote wa nyumbani walipimwa. Kwa rehema za Mungu, mtoto hakuwa mgonjwa. Alipewa dawa ya kumkinga. Kinyozi alifunga duka, akalala chumba cha peke yake, mbali na mjukuu, dirisha wazi. Kila asubuhi mkewe aliomba, kisha akampa maji ya kumezea dawa.

Mhudumu alipokuja kumjulia hali, kinyozi alimuuliza, "Yale majibu tuliyokupa kuhusu bango yako wapi? Yamelala kabatini?"

"Hapana. Tumewapa vituo vya jirani na watu wa redio, bila kumtaja mtu. Kumbe wenzetu wa kituo kimoja cha jirani nao walishauliza watu. Waliambiwa wengi wanaogopa kukimbiwa na majirani. Wao walikalia majibu yao, nasi hatukuwauliza. Tungeambiana mapema, pengine nawe ungepima mapema."

Sasa wahudumu wa vituo hivyo walikaa pamoja wakatengeneza bango jipya. Lilionyesha mtu mwenye afya yake akikohoa kazini. Chini liliandikwa: "Umekohoa wiki mbili? Kapime. Ukitibiwa, utarudi kwa watu wako." Kabla ya kulichapa, waliwaonyesha watu kwanza.

"Huyu anatabasamu mno," kinyozi alisema. "Anayekohoa hana meno ya kuonyesha."

Wakalirekebisha. Redio nayo ikasema maneno yale yale. Watu wakaanza kuja kupima wakiwa bado na nguvu zao. Muuza mkaa alikuwa mmoja wao.

Baada ya miezi miwili na vipimo vingine, daktari alimwambia kinyozi kwamba sasa hawezi kumwambukiza mtu, ila amalize dawa zote. Alirudi nyumbani, akasimama mlangoni akisita. Mkewe akamwekea mjukuu mikononi.

Mtoto alimwona mgeni. Akalia kwa nguvu zake zote.

"Lia, mjukuu wangu," kinyozi alisema, macho yamejaa machozi. "Lia tusikie kifua kizima."