Majani Yaliyokatwakatwa

Kila Jumamosi Chiriku alitumwa bustanini kuchuma mnavu wa mchana. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa maneno yake mengi, na wawili hao waliishi peke yao. Bibi naye alikuwa na kawaida yake: hapiki mboga mpaka ameshika kila jani na kulinusa.

Jumamosi ile kamba ya kuruka ilimnogea Chiriku hadi jua likawa la utosi. Bustani ilikuwa mbali. Jalalani, nyuma ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa, palikuwa na mimea ya kijani iliyostawi ajabu. "Mnavu ni mnavu tu," alijisemea, akachuma chapuchapu. Majani yalinuka vibaya. Kwa kuwa alijua Bibi angeyakataa, aliyakatakata kabisa na kuyatia sufuriani kabla Bibi hajayaona.

"Lo, leo umekuwa mtu mzima!" Bibi alifurahi. "Ni ya bustanini haya?"

"Ndiyo, Bibi."

Chiriku hakugusa mboga. Uchungu wa mnavu haukumpendeza kamwe. Bibi alimaliza sahani nzima.

Haikupita saa moja, Bibi akaomba maji. Akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, na bado koo lilikuwa kavu. Uso ukamwiva. Akakaa kitandani akivuta nyuzi hewani, nyuzi zisizokuwapo.

"Mfungulie babu yako mlango," alisema.

Babu alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Chiriku alitazama mlangoni; hapakuwa na mtu. Mboni za macho ya Bibi zilikuwa zimetanuka, nyeusi tii. Alitoka mbio kumwita jirani yao, fundi cherehani, wakampeleka Bibi zahanati.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

"Mboga za bustanini kwao," fundi alijibu. "Ndivyo mtoto anavyosema."

"Basi huenda ni malaria imempanda kichwani." Daktari akageukia kabati la dawa.

Chiriku alimfuata hadi kabatini. Akinyamaza, Bibi atatibiwa ugonjwa asio nao.

"Si za bustanini!" alipiga kelele. "Nimedanganya! Nilichuma jalalani!"

"Fundi, nenda naye upesi. Nileteeni tawi la mmea huo," daktari alisema.

Walirudi wakihema. Daktari alilitazama tawi: ua jeupe refu kama tarumbeta, tunda lililojaa miiba.

"Mranaha," alisema. "Ni wa ukoo mmoja na mnavu, nyanya na bilinganya, ila huu ni sumu kali. Mnavu una vimaua vidogo na vitunda laini, visivyo na miiba. Tungechelewa kidogo, tungempoteza."

Bibi alipelekwa hospitali kubwa siku ileile. Siku ya tatu ndipo akamtambua mjukuu wake. Chiriku aliangua kilio, akaeleza yote.

"Kukosea jani kunasameheka, mjukuu wangu," Bibi alisema kwa sauti dhaifu. "Hata mimi nimewahi kukosea. Lakini uliyakata ili nisiyaone. Hapo ndipo uliponiumiza. Ukiwa na shaka na kitu, nionyeshe, hata kama nitakugombeza. Kugombezwa kunapita."