Neno la Mwisho Kibandani

Yaliyomkuta rafiki yangu, mshauri wa wafiwa, usiombe yakukute. Hospitali ilimpa kibanda cha mbao bustanini, chenye zulia na mito, familia zikapoze moyo humo. Kawaida yake ilikuwa kufunga mapazia na kuzima taa, mtu alie bila kuonwa, kisha kila mmoja aseme neno la mwisho alilomwambia marehemu.

Alasiri moja walikuja mume na mke waliofiwa na binti yao mdogo, mgonjwa wa pumu.

Gizani, baba akajikohoza. "Nilimwambia, lala salama, mwanangu."

"Mwongo mkubwa wewe," mkewe akasema. "Mtoto anakata roho, wewe unaniambia, mwache, anajifanya huyo."

Kisha kifua cha mtu kikaanza kupiga mluzi.

"Pumua taratibu, mama," mshauri akasema.

"Si mimi! Ni yeye, na hana pumu huyu!"

Baba alikuwa akipigapiga zulia kwa viganja, hewa haiingii. Mshauri akapapasa ukuta kutafuta swichi. Hapo sauti nyembamba ikatoka kwenye mto mtupu katikati ya wawili wale.

"Mama, mwache. Anajifanya huyo."