Barua Hujibiwa kwa Barua

Jumapili asubuhi, mwezi wa Juni mwaka 1996, Mwalimu Hinda alikuwa anapika anjera, zile chapati laini za Kisomali, nyumbani kwake Waberi, mjini Garissa. Mumewe Gelle, mchuuzi wa mbuzi, alikaa mkekani akingoja chai. Jirani yao Muslimo akabisha hodi. Alikuwa amerudi jana kutoka Wajir, alikokwenda kumuuguza mama yake. Muslimo naye ni mwalimu, tena ni mwakilishi wa walimu wanawake katika chama cha walimu.

"Abaayo, dada, nasikia huendi shule siku hizi," Muslimo alisema.

"Nimesimamishwa kazi, dada yangu. Lakini usijali. Tumeshapatana."

"Umesimamishwa?" Muslimo alishtuka mpaka akasahau kukaa. "Nieleze tangu mwanzo."

Hinda akaeleza. Alifundisha darasa la tatu katika shule ndogo nje ya mji. Shule haikuwa na maji wala nyumba ya mwalimu. Watoto wanne walibanana kwenye dawati la wawili. Hayo yote aliyazoea. Kilichomshinda ni ukame. Mvua za Aprili hazikunyesha, na wafugaji wakahama na ngamia wao kuelekea upande wa Kotile. Watoto wakahama nao. Kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, walibaki saba.

Hinda alimwendea mwalimu mkuu, Bwana Warfa. "Watoto wako malishoni," alimwambia. "Niwafuate?"

"Wafuate, mwalimu," Warfa alijibu. "Hawa saba nitawafundisha mimi."

Hakuna aliyeandika neno. Hinda alibeba ubao mdogo, chaki na daftari la mahudhurio, akaenda. Kwa wiki nne alifundisha kando ya zizi la ngamia, ubao umeegemezwa kwenye ua wa miiba. Usiku alilala kwa mjomba wake, Abti Yarrow.

Sasa, mwaka ule shule zilikuwa zinapangwa upya. Wakaguzi walipita shule kwa shule wakihesabu walimu. Walipofika kwa Warfa, wakauliza Hinda yuko wapi. Warfa aliogopa, maana hakuwa ameandika ruhusa yoyote. Akasema hajui.

Hinda aliporudi, vumbi la safari bado usoni, alipewa barua kutoka ofisi ya elimu. Ilisema ameacha kazi bila ruhusa. Alisoma mistari miwili tu. Akaketi sakafuni. Na aliyemkabidhi barua hiyo alikuwa Warfa yule yule.

"Mkafanya nini?" Muslimo aliuliza.

Gelle ndiye aliyejibu, tena kwa fahari. "Tulifanya kama watu. Abti Yarrow alileta wazee. Warfa akakubali makosa mbele yao, akaomba msamaha. Tukachinja mbuzi, tukaomba dua. Hii maneno imekwisha, wallahi. Hinda anangoja tu kuitwa."

Usimcheke Gelle. Sokoni kwake mbuzi hununuliwa kwa kushikana mikono. Neno likishasemwa mbele ya wazee, halirudi nyuma. Ni desturi nzuri, na imezuia damu nyingi kumwagika. Ila aliyetia sahihi ile barua hakuwapo siku ya yule mbuzi.

"Barua iko wapi?" Muslimo aliuliza.

Ilikuwa sandukuni, chini ya nguo za Idi. Muslimo aliisoma kimya, kisha akamrudishia Hinda. "Uliisoma mpaka mwisho?"

"Nilisoma mwanzo, nikalia, nikaifunga."

"Soma hapa chini."

Hinda akasoma polepole. Alitakiwa ajibu kwa maandishi katika muda wa siku ishirini na moja tangu tarehe ya barua. Asipojibu, shauri lake litaamuliwa bila yeye, na jina lake linaweza kufutwa katika orodha ya walimu.

"Tarehe ya barua ni ipi?"

"Nne Juni."

"Na leo ni ishirini na tatu," Muslimo alisema. "Mwisho ni Jumanne. Kesho kutwa."

Anjera iliungua mpaka chumba kikajaa moshi, na hakuna aliyeinuka kuiondoa.

"Lakini Warfa na mimi tumesameheana," Hinda alisema.

"Mmesameheana, na Mungu awalipe. Lakini faili yako haikuja kwenye dua. Faili inasema wewe ni mtoro. Barua hujibiwa kwa barua, abaayo."

"Miaka tisa nimefundisha," Hinda alisema. "Nimewafuata watoto mpaka porini, halafu niitwe mtoro?" Akaanza kulia.

"Lia baadaye. Leta kalamu. Andika ulikwenda lini, kwa idhini ya nani, ulirudi lini. Usitukane mtu. Na lile daftari unalo?"

Hinda alilileta. Lilikuwa linanuka moshi wa zizi. Kila siku ya shule, kwa wiki nne, alikuwa ameweka alama mbele ya majina ya watoto thelathini na wanne. Muslimo alilifungua, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Huyu ndiye shahidi wako wa kwanza," alisema. "Wa pili ni Warfa."

Jumatatu walimkuta Warfa ofisini kwake. Gelle alikuwa amempata Abti Yarrow kwenye soko la mifugo, wakaja wote. Warfa alisikiliza, kisha akainamisha kichwa.

"Kusema nilisema," alinong'ona. "Nikiandika, nitafukuzwa mimi."

"Wewe pia ni mwanachama," Muslimo alimwambia. "Ukiitwa, chama kitakwenda na wewe. Ulidanganya kwa sababu ulisimama peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwalimu."

Abti Yarrow alisogeza kiti. "Mbele ya wazee ulisema nini?"

"Nilisema nilimpa ruhusa, Abti."

"Basi sema tena. Sasa kwa kalamu."

Warfa aliandika.

Jumanne Hinda na Muslimo walipeleka majibu wenyewe katika ofisi ya elimu. Walikuwa na nakala mbili. Karani alichukua moja, akasema, "Haya mama, nendeni."

Muslimo hakuondoka. "Gonga muhuri kwenye nakala yetu pia, uandike na tarehe ya leo."

"Hamniamini?"

"Tunakuamini, ndugu yangu. Tunangoja muhuri."

Karani alicheka, akagonga.

Agosti Hinda aliitwa kujieleza mbele ya kamati ya ofisi hiyo. Muslimo aliketi pembeni yake kwa niaba ya chama. Mzee mmoja wa kamati hiyo alifunua daftari ukurasa baada ya ukurasa.

"Huko porini ulikuwa unaita majina?" aliuliza.

"Kila asubuhi, kabla ngamia hawajatoka."

Mzee yule alitazama tena barua ya mashtaka, kisha daftari. "Na sisi tulikuwa tunamfuta huyu," aliwaambia wenzake.

Septemba Hinda alirudi darasani. Warfa alipewa onyo, akabaki kazini. Chama kikaomba kwamba kila mwalimu anayefuata wanafunzi malishoni apewe ruhusa ya maandishi, na ofisi ikakubali.

Januari iliyofuata ardhi ilikuwa kavu tena. Abti Yarrow alifika shuleni kutoa habari kwamba wafugaji wanahama. Warfa alimkaribisha kwa furaha, akammiminia chai ya maziwa.

Abti Yarrow alikisukuma kikombe kando.

"Chai nitakunywa, mwalimu. Kwanza andika kwamba Hinda anakwenda na sisi. Weka tarehe. Mimi kusoma sijui, lakini muhuri najua."

Warfa akaandika. Mzee aliikodolea macho karatasi mpaka muhuri ukagongwa. Ndipo akavuta kikombe, akasema bismillahi, akanywa.