Njia ya Bwawani

"Mwanangu, huyu Bwana Mzunguko ni nani?"

Mama aliishika simu ya bintiye mbali na uso, kwani kama kawaida yake alikuwa amesahau miwani. Binti, mtafiti wa mbegu, alilala kwenye kitanda cha hospitali. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa mwezi uliopita. La kulia lingepasuliwa saa nne asubuhi hiyo, na daktari hakumficha: huenda likapona, huenda lisipone.

"Nisomee tu, mama."

"Anasema, 'Nipo getini. Wanaruhusu ndugu tu. Niwaambie mimi ni nani wako?'"

Swali hilo alilisubiri miaka miwili ya shahada ya uzamili ughaibuni, na mwaka mzima tangu warudi. Kule, kila asubuhi yeye na huyo Bwana Mzunguko walitembea pamoja kutoka bwenini hadi maabara, wakilizunguka bwawa la chuo dakika arobaini, bata nyuma yao wakidai mkate. Njia ya mkato nyuma ya maktaba, jamaa alimwambia, ni ya wafanyakazi tu. Walicheka, walibishana, walishika kila kitu isipokuwa mkono. Siku binti alipotangulia kurudi nchini, bwana yule akaishia kumtakia safari njema.

"Mjibu hivi, mama: mchumba."

Mama akaandika kwa kidole kimoja.

"Ungeniambia mapema ningevaa vizuri," alinong'ona.

Jamaa aliingia akihema. Nesi alileta kiti cha magurudumu, lakini binti akaomba atembee mwenyewe. Ndipo kwa mara ya kwanza akashikwa mkono.

"Naogopa," alisema.

"Hata mimi."

"Ile njia ya maktaba haikuwa ya wafanyakazi."

"Ulijua lini?" jamaa aliuliza.

"Wiki ya pili. Ni dakika kumi tu."

"Mbona uliendelea kunifuata?"

"Na wewe mbona ulinidanganya?"

Jamaa alimgeukia nesi akamuuliza kama hakuna njia nyingine ya kwenda chumba cha upasuaji, ndefu kidogo. Nesi aliwatazama, akasema ipo, ya kuzungukia kwenye chumba cha kufulia, ila wasimponze kwa daktari.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji binti alisimama.

"Na nikitoka humu sioni?"

"Nitakuongoza mimi."

"Wewe, muongo?"

"Nitakuzungusha sana. Lakini nyumbani tutafika."

Siku tatu baadaye daktari alifungua bandeji. Binti akakaza kope. Akiwa amefumba, bado alikuwa na tumaini; akifumbua, huenda lisiwepo tena.

"Fumbua taratibu," daktari alisema. "Unaona nini?"

Kwanza ulikuwa ukungu mtupu. Kisha dirisha. Kisha shuka. Kisha watu wawili.

"Namuona mama," alisema, "kavaa gauni lake la kwendea harusini. Na pembeni yake namuona muongo mmoja, analia."