Seva Iliyoitika Magharibi

Barua isiyo na mwenyewe iliingia magharibi, kabla redio ya Koboko haijawashwa.

Candiru aliisogelea skrini. Mwaka huo wa 1997 yeye ndiye aliyetunza seva ya barua pepe katika ofisi ya misaada, Arua, Uganda, na barua zilikwenda Koboko na kurudi kwa mawimbi ya redio, kwa milio na mikwaruzo. Aliandika amri. Mtumaji: patupu. Barua: tupu. Chini yake, jibu: "Nimepokea. Karibu."

Jibu hilo alilitunga mwenyewe. Ilikuwa skripti, programu fupi ya kumjibu kila anayeandika, ili watu wa Koboko wajue barua imefika.

Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Alimwita Hamuza, mlinzi, mtoto wa askari wa Koboko. Hamuza alisikiliza, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Dada, wewe msomi kweli! Umefundisha mashine kuitika kila mutu? Kwetu, mutu akiita magharibi na hauoni sura yake, hapana itika. Unanyamaza tu."

"Mashine haina masikio, Hamuza."

"Lakini imejibu."

Candiru akaita orodha ya barua zilizotoka. Redio ya Koboko ilikuwa imewashwa sasa, na barua moja ilikwisha kwenda kwa Lemi, kwa jina lake yeye: "Njoo sasa. Njia iko wazi."

Hakuiandika. Lemi alikuwa mumewe, dereva wa lori la ofisi, aliyekuwa Koboko siku hiyo, na juzi tu bomu lililotegwa lilikuwa limelipua gari kwenye barabara ya Koboko kuja Arua. Tangu hapo Lemi hakuwasha injini bila neno la mkewe.

Aliandika amri ya kufuta foleni ya barua zinazotoka, ikafutika, ikajaa tena, akafuta, ikajaa, njoo sasa, njoo sasa, na modemu ikapiga mluzi bila kuguswa, na harufu ikamshika kooni, na kwenye kila mstari uliopanda lilikuwamo jina lake, Candiru, Candiru, na chini ya kila mstari skripti yake ikiitika kwa adabu, karibu, karibu, karibu.

"Toa hiyo karibu," Hamuza akanong'ona. "Toa upesi!" Akaanza kusoma dua.

Candiru akaisimamisha skripti. Akalifuta faili lake. Mluzi ukakatika. Kwenye skrini ikabaki alama moja ndogo ikipepesa, na harufu ikatoka kama mtu anayepita mlangoni.

Akanyakua kipaza sauti cha redio.

"Koboko! Betty! Lemi asitoke! Ile barua si yangu!"

Mikwaruzo. Mikwaruzo mirefu. Kisha sauti ya Betty, mtu wa redio wa kule:

"Nimesikia. Lori lilikuwa getini, tumesimamisha. Lemi ameshuka. Iko hapa, mzima."

Candiru akajibwaga kitini, akalia huku akicheka. "Alhamdulillahi," Hamuza akasema, akajifuta jasho kwa kofia.

"Lakini kuna mwanamke iko ndani ya gari hataki kushuka." Betty alikuwa akinong'ona sasa. "Alikuja na miguu getini, jua likizama, akapanda. Nimemuona, sura namjua. Anasema yeye ndiye Candiru."

Redio ikakwaruza.

"Sasa wewe, unaongea na mimi kutoka Arua, wewe iko nani?"