Taa Nyekundu na Kuku wa Shangazi

Kila siku alipotoka shule, Chapuchapu alipitia nyumbani kuvua sare na kula, kisha akakimbilia studio ya shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na baba yake tangu akiwa mdogo, kwa sababu hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Alifua soksi chapuchapu, zikaanikwa na povu. Alipiga mswaki chapuchapu, dawa ikabaki kidevuni. Hata darasani alinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali.

Studio ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, kompyuta na picha za watu ukutani. Chumba cha ndani kilikuwa na pazia la bluu, stuli moja, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke kikiwa mifukoni mwa wateja. Chapuchapu alifagia, akanyoosha pazia, akafuta vumbi kwenye kioo. Kisha ikafika kazi aliyoipenda kuliko zote, kazi ya kushika flashi.

Flashi ya Shangazi ilikuwa ya zamani, nene kama mche wa sabuni. Ilikaa juu ya fimbo na kuunganishwa na kamera kwa waya, ili mwanga wake umwangukie mteja kwa pembeni kidogo. Kila ilipomulika, ilihitaji muda wa kujaza nguvu upya kutoka kwenye betri zake. Mgongoni ilikuwa na taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama. Taa ikiwa imezimika, flashi bado inajaza. Taa ikiwaka, imeshajaa. Chapuchapu aliikodolea macho ile punje, na ilipowaka tu alisema, "Tayari," na Shangazi akabonyeza kamera.

Muda ule wa kusubiri haukupotea bure. Shangazi aliujaza kwa kisa.

"Juzi alikuja kuku hapa," alimwambia kila mteja, bila kutabasamu hata kidogo. "Akabisha hodi. Akafuta miguu mlangoni, maana ana adabu kuliko wengine. Akapanda stuli hiyo hiyo uliyokalia wewe. Nikamwambia, mheshimiwa, picha ya kitambulisho unatazama mbele. Akageuza shingo. Nikamwambia, mbele, mheshimiwa. Akaniambia, mama, macho yangu yako ubavuni. Nikitazama mbele, wewe mwenyewe sikuoni."

Mteja aliyekuwa amekaza shingo kama anasubiri sindano alicheka, mabega yakashuka. Hapo taa ikawaka, Chapuchapu akasema, "Tayari," na picha ikapigwa. Mwisho wa kisa hakuna aliyeujua. Kuku aliachwa pale pale kwenye stuli, mpaka mteja mwingine aje.

Siku moja Mwalimu Mkuu wa shule ya Chapuchapu alifika studio. Alikuwa mama mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo.

"Nataka vitambulisho vya wanafunzi wote," alisema. "Ila kuna studio nyingine karibu na kituo cha mabasi nayo inaitaka kazi hii. Kwa hiyo anza na darasa la kwanza. Picha zikinipendeza, shule nzima ni yako."

Mwalimu Mkuu alipoondoka, Shangazi alicheza peke yake kuzunguka stuli. Hakuwa amepata kazi kubwa kama hiyo tangu afungue studio. "Mwanangu," alimwambia Chapuchapu, "hii tukiipata, tutabadilisha hata hilo pazia."

Siku ya kupiga picha, walitundika pazia katika darasa tupu. Watoto wa darasa la kwanza walipanga foleni, wamepakwa mafuta, wanameremeta. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kuku alibisha hodi, akafuta miguu, akapanda stuli, na watoto walicheka. Lakini foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu wa zamu alisimama mlangoni akitazama saa yake. Nje ya dirisha, wavulana wawili wa darasa la Chapuchapu walichungulia.

"Jamani, Chapuchapu leo amekuwa Polepole," mmoja alisema.

"Hebu tumwite Konokono," mwenzake akajibu.

Chapuchapu alihisi masikio yanapata moto. Akaiangalia taa. Bado. Akaiangalia tena. Bado. Basi akasema, "Tayari."

Shangazi alibonyeza. Flashi ilimulika kwa unyonge, kama mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka na usingizi. Shangazi hakuangalia kioo cha kamera kila mara, kwa sababu alikuwa na macho ya Chapuchapu. Mtoto aliyefuata akakaa. "Tayari," Chapuchapu akasema tena, taa ikiwa imezimika. Foleni ikaanza kwenda mbio. Wavulana wa dirishani wakaenda zao.

Jioni Shangazi alifungua picha kwenye kompyuta. Za mwanzo zilikuwa safi. Zilizofuata zilikuwa giza tupu, watoto wanaonekana macho na meno kama wamejificha chini ya kitanda. Shangazi alizipitia moja moja. Alijaribu kuzing'arisha, zikapauka na kujaa chengachenga.

"Maskini mzee wangu," alisema, akiigeuza flashi mkononi. "Nadhani amechoka. Kesho nitaenda kumwomba radhi Mwalimu Mkuu, kisha nitafute flashi nyingine. Akinipa nafasi ya pili nitashukuru. Asiponipa, ndiyo basi tena."

Chapuchapu alitazama sakafu aliyoifagia mwenyewe. Ingekuwa rahisi sana kunyamaza. Flashi haina mdomo, isingebisha. Lakini Shangazi alikuwa ameishika kwa upole mno, kama mtu anavyomshika mgonjwa mkono.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "si yeye. Ni mimi. Nilisema tayari kabla taa haijawaka."

"Mara moja?"

"Mara nyingi. Walinicheka, wakaniita Konokono. Nikataka foleni iishe."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Hakufoka, na hilo lilimuuma Chapuchapu zaidi. "Nimekasirika," alisema Shangazi, "na nitaendelea kukasirika mpaka nimalize chai hii. Lakini umenisaidia. Kesho tutakwenda wote kwa Mwalimu Mkuu."

Walikwenda. Chapuchapu ndiye aliyeeleza, huku akizungusha kifungo cha sare yake mpaka kikaning'inia kwa uzi mmoja. Mwalimu Mkuu aliwatazama wote wawili juu ya miwani.

"Jumatatu mrudie," alisema mwishowe. "Jumatatu hiyo tu. Baada ya hapo nitawaita wale wa kituoni."

Shangazi alikuwa amejiwekea akiba ya kununulia vifaa kwa muda mrefu. Aliona flashi ya zamani, hata ikiangaliwa kwa makini, haitaimudu foleni ya shule nzima. Siku ya Jumamosi akamchukua Chapuchapu wakaenda duka la kamera. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu aliyeita kila mtu bosi.

"Bosi mdogo, tazama hii," alimwambia Chapuchapu, akimpa flashi ndogo inayong'aa kama kiatu kipya. "Mwanga wake unaweza kumwamsha jirani."

"Inachukua muda gani kujaa tena?" Shangazi aliuliza.

"Ah, hiyo hata huhitaji kusubiri." Muuzaji akaimulika. Taa ya nyuma ikarudi mara ile ile.

Chapuchapu alikuwa amezoea kutazama migongo ya flashi. Aliona kidole cha muuzaji kimepita kwenye kitufe fulani kabla ya kumulika. "Kaka," alisema, "umeipunguza nguvu. Tunaweza kuijaribu ikiwa na nguvu zote?"

Muuzaji akacheka, akajikuna kichwa. "Mama, huyu mtoto ni mwanao au ni mkaguzi?"

"Mkaguzi. Shangazi yangu ananilipa pipi," Chapuchapu akajibu, na wote watatu wakacheka.

Waliweka kila flashi kwenye nguvu zote, na Shangazi akaipima kwa kipimo chake mwenyewe. Aliimulika, kisha akaanza kusimulia. Ile inayong'aa ilimwacha kuku abishe hodi, afute miguu, apande stuli na kugeuza shingo ndipo taa ikarudi. Ya pili ilimfikisha kuku kwenye stuli. Ya tatu ilikuwa nene, nyeusi, isiyo na urembo wowote. Kuku alipofungua mdomo abishe hodi, taa ilikuwa imeshawaka.

"Na kwa picha zetu ndogo hata hatutaitumia nguvu zote," Shangazi alimweleza Chapuchapu. "Mtu mwenye kifua akibeba ndoo nusu, hahitaji kupumzika njiani. Lakini ile ndogo kila picha ingeimaliza pumzi, halafu ikae chini ianze kuhema." Walichukua ile nyeusi, pamoja na betri za kuchaji, ambazo zinawahi kuijaza flashi kuliko zile za kutumia na kutupa.

Jumatatu Chapuchapu alishika fimbo kwa mikono miwili. Hakuondoa macho kwenye taa. Safari hii taa haikumchelewesha. Flashi ikimulika, taa inawaka tena. "Tayari." Mtoto anashuka, mwingine anapanda. "Tayari." Foleni ilikwenda kama maji ya bomba. Mwalimu wa zamu hata hakutazama saa.

Kisha akapanda msichana mdogo aliyeng'oka meno mawili ya mbele. Alifumba mdomo kwa nguvu na kukunja ngumi juu ya magoti. Taa ilikuwa inawaka. Chapuchapu alisema, "Tayari." Flashi ikamulika, na mtoto akafumba macho. Wakarudia. Akafumba tena, safari hii machozi yakimlengalenga.

Shangazi alishusha kamera, akarudisha nyuma picha kwenye kioo chake, akamwita Chapuchapu aone. Hazikuwa na giza hata moja. Lakini watoto wote walikuwa wamekodoa macho, shingo ngumu, kama wameona nyoka mlangoni.

"Kuna kitu kimepungua," Shangazi alisema polepole. "Mwanga upo. Sijui ni nini."

Chapuchapu alitazama picha, akatazama stuli. Akakumbuka wateja wote aliowaona mabega yakishuka. "Shangazi," alinong'ona, "leo kuku hajaja."

Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja, akicheka. "Jamani. Nimemsahau mheshimiwa. Taa inawaka upesi, na mimi nikakimbia nayo." Akamtazama mtoto wa kwenye stuli, kisha akamgusa Chapuchapu bega. "Mwambie wewe. Amekuzoea wewe kuliko mimi."

Chapuchapu hakuwahi kusimulia kitu polepole maishani mwake. Aliinama karibu na stuli.

"Juzi alikuja kuku kwetu," alianza. "Alitaka picha kama yako. Akabisha hodi."

Taa nyekundu ilikuwa imewaka kitambo. Chapuchapu aliiona, akaiacha.

"Alibishaje?" mtoto aliuliza bila kufungua mdomo sana.

"Kwa mdomo. Ko, ko, ko. Akafuta miguu, huu, halafu huu. Akapanda hapo ulipo. Shangazi akamwambia, tazama mbele. Yeye akafanya hivi." Chapuchapu akageuza shingo yake ubavuni na kupepesa jicho moja. "Akasema, mama, nikitazama mbele, wewe mwenyewe sikuoni."

Ngumi za mtoto zikafunguka kwanza. Kisha mabega. Kisha mdomo, ukaonyesha pengo lote bila haya.

"Tayari," Chapuchapu alisema.

Picha hiyo ndiyo Mwalimu Mkuu aliyoitazama kuliko zote. Waliwarudia wale waliokuwa wamekodoa macho, na kuku alibisha hodi kwa kila mmoja wao, na bado walimaliza kabla kengele haijagongwa. Mwalimu Mkuu alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Huyu mtoto hajawahi kucheka tangu aje shuleni kwetu," alisema. "Jumatano mwanze na darasa la pili."

Njiani kurudi, Shangazi alibeba pazia na Chapuchapu akabeba fimbo. Shangazi alikuwa akiimba chini chini, kisha akamgeukia.

"Unajua nimefikiria nini?" alisema. "Siku ile ungeisingizia flashi, ningenunua mpya yoyote ile, nikaamini tatizo limekwisha. Wewe ungeendelea kusema tayari kabla ya wakati, na mimi nisingejua kwa nini kazi zangu zinaharibika. Ukweli wako ndio uliotengeneza kazi hii, hata kuliko flashi. Na jambo jingine, hili tumejifunza wote wawili. Chombo chenye kasi ni kizuri, kinatusaidia tusimchoshe mtu. Lakini hakitupi ruhusa ya kumkimbiza. Taa ikiwaka, kifaa kiko tayari. Mtu, lazima umtazame usoni ndipo ujue."

"Ndiyo, Shangazi," alisema Chapuchapu, na kwa mara ya kwanza hakujibu kabla sentensi haijaisha.

Nyuma yao vishindo vidogo vya miguu vilisikika. Yule msichana mwenye pengo alikuwa anawafuata mbio, begi likimgonga mgongoni.

"Dada," aliita, akihema. "Kuku alipata picha yake?"

Chapuchapu alimgeukia shangazi yake. Shangazi akainua mabega. "Mimi sijui. Siku zote flashi ilinikatiza."

Basi Chapuchapu akaegemeza fimbo ukutani, akafikiri kidogo, bila haraka yoyote.

"Alipata," alisema. "Tulimpiga mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Tukazibandika pamoja. Sasa ukikiangalia kitambulisho chake, anakutazama kwa macho yote mawili."