Nguo za Harusi Kiti cha Nyuma

Gari la Shekha lilizimika mbele ya soko la Malindi, Alhamisi saa nne ya asubuhi, wakati mikokoteni inapita kwa kusukumana na watu hawana pa kukanyaga. Iliwaka taa nyekundu yenye picha ya kipimajoto, kisha gari likakataa. Nyuma yake wakaanza kumpigia honi. Shekha alishuka na buibui lake jeusi lililofukizwa udi hata wauza samaki wakageuka, akafungua boneti, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Usiguse hicho, dada. Kitakubabua uso."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, kofia ya kushona kichwani, ovaroli safi, na mfuko wa tungule, nyanya mbivu za sokoni, mkononi. Alisema anaitwa Athman, kazi yake ni magari ya haibridi, yale ya petroli na umeme, na gereji yake iko njia ya kwendea Mambrui.

Shekha akamtazama juu mpaka chini. "Fundi gani huyu, hana spana ana tungule?"

"Spana ziko gereji. Tungule za mama."

Shekha alicheka bila kutaka. Walingoja injini ipoe, kisha Athman akafungua kifuniko, akawasha. Maji yalikuwa yamejaa, lakini yametulia tuli kama ya mtungini. Akamweleza kwamba gari hizi pampu ya maji haivutwi na mkanda, yaendeshwa na umeme, na ikifa haipigi kelele. Akamkataza asikaribie zile nyaya za rangi ya chungwa, zina umeme wa kuua. Gari likavutwa mpaka gereji, na kabla ya adhuhuri pampu mpya ikaingia.

Sasa, Shekha kazi yake ilikuwa kupamba mabibi harusi, na siku hiyo kiti cha nyuma kilijaa mavazi: hariri, shumizi, mavazi ya ndani, na vikuba vya asumini, vishada vya maua ya kunukia, juu yake. Athman alifungua mlango wa nyuma, akaona, akaufunga polepole kama mtu aliyeingia chumba si chake. Shekha alimwona. Moyo wake ulikwenda hapo.

Ikawa simu kila siku baada ya isha. Athman alikuwa na desturi ya kuanzia kwa gari.

"Gari halijambo?"

"Halijambo. Na mwenye gari, huulizi?"

"Mwenye gari naogopa kumuuliza, asije akanijibu."

Baada ya miezi miwili wazee wa Athman walipeleka posa kwa Ami Abdulkadir, aliyemlea Shekha tangu babake kufariki. Ami aliipokea kwa adabu, akasema jibu atalitoa Ijumaa.

Jumatano kabla ya Ijumaa hiyo, Shekha alikuwa akimpeleka Kilifi bibi harusi aitwaye Fahima. Walipofika Matsangoni, jua la saa sita kichwani, taa nyekundu ikawaka na gari likazimika. Walikaa kando ya barabara saa nzima. Jasho likaporomosha wanja wa Fahima mpaka kwenye mashavu, na asumini zikanyauka nyweleni. Huko Kilifi wageni walishachoka kungoja. Mamake Fahima alisema mbele ya wanawake wote kwamba hatamwita Shekha tena hata kumpambia paka.

Ami Abdulkadir alipopata habari hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Huyo kijana amekutilia pampu kuukuu akasema mpya. Kama gari alilidanganya, mke atamfanyaje? Ijumaa nawarudishia posa yao."

Shekha alikwenda chumbani akampigia Athman.

"Ile pampu ilikuwa mpya?"

"Mpya. Kumezuka nini?"

"Gari limenizimikia na bibi harusi ndani. Nimetukanwa mbele za watu."

"Shekha, niletee nilione..."

"Usinipigie tena."

Akakata. Usiku huo hakula, wala kesho yake. Simu iliita mara tisa, na mara tisa aliitazama ikiita.

Ijumaa asubuhi mlango wa Ami Abdulkadir ukabishwa. Ni Athman peke yake, bila wazee, na sanduku lake la vyuma.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba." Ami hakumkaribisha kiti.

Athman aliomba nusu saa tu na lile gari, hapo hapo uani, mbele ya macho yake. Akaongeza kwamba ikiwa pampu ni mbovu, ami asiwe na haja ya kurudisha posa, yeye mwenyewe ataiondoa. Ami aliketi barazani na tasbihi yake, akaashiria kwa kidevu. Shekha alisimama nyuma ya pazia la dirisha, akichungulia.

Athman alifungua kifuniko cha maji. Yamejaa. Akawasha, akasubiri. Maji yakaanza kutembea, yakizunguka vizuri. Akashika bomba la juu, akashika la chini. Mbele hapakuwa na joto la kutisha. Akafuta mikono, akasema bila kulitazama dirisha:

"Naomba kumuuliza mwenye gari. Taa ya juzi ilikuwa ya kipimajoto, kama ya sokoni?"

"Nyekundu ni nyekundu," Shekha akajibu. Halafu akakumbuka. "La. Ilikuwa pembetatu."

"Na kuna mvumo wowote ulikuwa ukiusikia?"

"Nyuma, chini ya kiti. Siku nyingi."

"Hukuniambia."

"Kila siku waniuliza gari halijambo. Nami nikasema halijambo."

Athman aliufungua mlango wa nyuma. Akamweleza ami kwamba betri kubwa ya haibridi imelala chini ya kile kiti, nayo haipozwi kwa maji, yapozwa kwa hewa inayovutwa na feni kupitia tundu la pembeni. Betri ikichemka, gari hujizima ili lisiungue. Akazima umeme, akavaa glavu nene, akafungua kifuniko, akaitoa ile feni.

Haikuwa na sura. Imegandwa na masizi meusi yanayonata, na ndani ya masizi asumini zilizokauka, moja juu ya moja. Harufu ya udi ikajaa ua mzima. Shekha akajifunika mdomo. Kila safari ya harusi alifunga vioo, akaweka chetezo cha udi ndani ya gari, akazifukiza nguo huku feni inavuta.

Ami aliinuka akaja kutazama karibu. "Basi ni udi wake. Wewe huna kosa."

Njia ilikuwa wazi. Athman alikuwa aitikie tu, na heshima yake irudi. Nyuma ya pazia Shekha alifumba macho.

"Ninalo, ami," Athman akasema. "Kila haibridi inayokuja kwangu hufungua hapa nikasafisha. Siku ile nilikuta mavazi ya bibi harusi juu ya kiti. Nikaona haya kuyagusa, nikaona haya pia kumwambia ayaondoe. Nikafunga mlango nikamwambia gari liko sawa. Halikuwa sawa, nami nilijua sijaangalia."

Ami alizungusha tasbihi, punje baada ya punje. Msikitini muadhini akajaribu kipaza sauti.

"Maliza kusafisha," akasema mwishowe. "Kisha ukaoge. Waambie wazee wako waje baada ya swala, jibu langu silitoi uani." Alipofika mlangoni akageuka. "Na kwa mamake Fahima mtakwenda pamoja, wewe na Shekha, mkamwombe radhi."

Jioni, ami akisha kuikubali posa mbele ya wazee, simu ya Shekha iliita. Mara hii haikuita mara mbili.

"Gari halijambo," akawahi kusema.

"Sikuuliza gari," Athman akasema. "Mwenyewe hajambo?"

Shekha alikaa kitandani, machozi na kicheko vikimjia pamoja. "Mwenyewe amekubali. Lakini nina nguo za harusi kiti cha nyuma, na safari hii ni zangu."

Upande wa pili Athman akacheka.

"Hizo zifukize nyumbani, mpenzi," akasema. "Nami nitangoja."